Tangazo Langu na Viazi vya Mama Mkwe

Ukinikuta Shinyanga mjini nimekaa mbele ya duka langu, viatu vimepigwa rangi na simu mbili ziko mezani, huwezi kudhani kwamba mtu huyu amewahi kusimama na bukta mbele ya mama mkwe wake, jua linawaka, umati wenye sululu unamwangalia kama ng'ombe wa mnadani. Nilisimama. Nimeamua niandike mwenyewe, maana huko Mwakitolyo wanaosimulia wameshaongeza vitu vyao (eti nililia; sikulia, jasho lilinifika kwenye kope), na kama ni lazima nichekwe, nataka nichekwe kwa kile kilichotokea, si kwa uongo wa watu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhoja, wengi wananiita Mhoja Karasha, kwa sababu ya karasha zangu za Mwakitolyo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kabla sijaota ndevu, na kila nilicho nacho nimekitoa chini ya ardhi kwa mikono hii, sikurithi hata kuku. Wapo watu wenye vyeti vya kujaza bahasha ambao leo wananiamkia shikamoo wakati ni kaka zangu kwa umri. Sijisifu, nataka tu muelewe nilianguka kutoka urefu gani.

Mke wangu, Mama Kulwa, ni binti wa Didia, familia ya wakulima watulivu, watu wa mpunga na viazi vitamu. Baba yake, Mungu amrehemu, alipopelekewa habari kwamba kuna kijana wa madini anaposa, aliuliza kama binti yake anaolewa na mtu au na fuko, yule mnyama wa kuchimba chini ya ardhi. Baadaye alikubali, lakini lile neno la fuko lilibaki kijijini pale likitembea, na mimi nikajiwekea moyoni kwamba siku moja Didia itanipangia foleni. Ndiyo maana nilipopata nguvu sikuongeza karasha nyingine, nikajenga mashine ya kukoboa mpunga, na nikaijenga pale pale Didia, jirani kabisa na shamba la mama mkwe, ili kila gunia litakaloingia alione yeye kabla ya mtu mwingine.

Na mama mkwe, kwa wasioyajua mambo yetu ya Usukumani, si mtu wa kuzoeana naye. Mkikutana njiani unampisha hata kama pembeni ni miiba. Hamshikani mikono, hamli chungu kimoja, hamtazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu mimi na yule mama tumeongea kupitia uzio wa minyaa, au kupitia mke wangu, ambaye huyabeba maneno kuyatoa huku kuyapeleka kule hata kama wote tunasikiana. Kwa hiyo sura yangu alikuwa haijui sana, alikuwa anajua vitu vyangu. Nilimwezekea bati. Nikamnunulia mapazia ya maua makubwa mekundu, nikasema yametoka Dar es Salaam na bei yake haisemeki (nilisema kwa sauti, ili upande wa pili wa uzio usikie). Hayo mapazia msiyasahau.

Siku ya kufungua mashine ikakaribia, nikawa silali vizuri. Hofu yangu ilikuwa moja tu, nifungue mlango, mashine ingurume, halafu asije mtu, mama mkwe achungulie kwenye minyaa aone nimesimama peke yangu na suti. Zamani ningekodi gari la spika lipite vijijini. Lakini mimi ni mtu wa kwenda na wakati, na kwenye simu yangu kuna ile akili mnemba, ambayo unaiambia kitu kwa mdomo nayo inaandika kama karani wa mahakama, haichoki wala haiombi chai, nikasema ya nini kumpa mtu mwingine sifa ambayo naweza kuichukua mwenyewe nikiwa nimejilaza kwenye kochi.

Nikaiambia iniandikie tangazo. Ikaniuliza wasomaji wangu ni nani, na nataka wakimaliza kusoma wafanye nini. Nikajibu kwamba wasomaji wangu ni kila mtu, na nataka wainuke. Ikaleta maneno ya adabu: kwa furaha kubwa tunawatangazia wakulima wa Didia na vijiji vya jirani kwamba mashine ya kisasa ya kukoboa mpunga itafunguliwa Jumamosi, leteni mpunga uliokauka, karibuni sana. Nikasoma (nasoma polepole lakini naelewa upesi), nikaona haya ni kama yale matangazo ya kanisani baada ya sadaka, watu wanayasikiliza huku wanatafuta viatu vya watoto chini ya benchi. Nani atainuka kwa hayo?

Nikasema ongeza moto. Ikaongeza. Nikasema bado. Ikanieleza kwa upole kwamba mtu huinuka akiona faida yake, akiona nafasi ni chache, akisikia wenzake wameshawahi, na akipewa jambo moja la kufanya, na tena ukimwachia hamu kidogo mwanzoni atasoma mpaka mwisho. Hapo ikanigusa penyewe. Nikasema basi toa mpunga, toa mashine, acha hamu tupu, ya kueleza nitaeleza wakishafika. Ikanijibu kwamba ingekuwa vizuri huduma itajwe wazi ili watu wasije wakaelewa vingine.

"Wewe umesoma," nikaiambia, "mimi nimeishi na hawa watu. Toa mpunga."

Ikatoa. Huo ndio ubaya wake, inakushauri mara moja tu, ikishaona umekaza shingo inakufuata, wakati Mama Kulwa angebishana na mimi mpaka chai ipoe.

Tangazo likawa hivi, na mpaka leo nalikumbuka lote bila kuangalia: "Didia imefunguka. Wachache wanajua. Waliowahi wanacheka, watakaochelewa watasimuliwa. Wewe bado umekaa? Njoo Jumamosi alfajiri. Njoo na vifaa vyako. Usimwambie jirani mpaka umefika." Chini yake: Mhoja Karasha. Vifaa nilikuwa na maana ya magunia na ungo. Nilipolisoma kwa sauti nilisisimka mwenyewe, nikakaribia kuinuka niende.

Ikabaki picha. Jengo la mashine lilikuwa bado na rangi mbichi na vumbi la simenti, kwa hiyo nikapigwa picha upande wa pili, kwenye shamba la mama mkwe, nimeegemea yale majabali makubwa yaliyopandana, ambayo mtu yeyote aliyepita barabara ya Didia anayajua. Juu ya majabali mama mkwe alikuwa ameanika michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha kwa ajili ya mwaka mzima, na nyuma ya majabali, nje ya picha, kuna kaburi la baba mkwe, limesakafiwa na kupakwa chokaa. Picha haikuwa na mvuto. Nikaiambia akili mnemba iipendezeshe, kila kilicho cheupe king'ae. Ikaing'arisha. Michembe haikuonekana tena kuwa michembe, ikawa mistari myeupe inayometameta kwenye mwamba, na mimi katikati nimetabasamu.

Nikamwonyesha mke wangu. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Baba Kulwa, mbona hujasema mpunga?"

"Hiyo ni ya kesho. Leo ni hamu."

"Hamu ya nini sasa, mtu akisoma ataleta nini?"

"Wewe subiri foleni."

"Mimi nasubiri," akasema, "ila michembe ya mama umeifanya kama mawe ya kwenu Mwakitolyo."

Aliniambia kabisa. Nilicheka nikalituma, Ijumaa mchana, kwenye kila kundi lililomo ndani ya simu yangu, na simu yangu, kwa mtu wa kazi yangu, wakulima waliomo ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa hapa ndipo nachukia akili yangu mwenyewe, hii niliyozaliwa nayo. Kwetu kwenye ukanda wa dhahabu kuna kitu kinaitwa rashi. Mtu anaokota jiwe zuri mahali fulani, habari inatoka, na kabla ya kesho yake pori lile limegeuka mji, kila mmoja ameweka vigingi kwenye kipande chake anachimba. Na habari ya rashi haijawahi kutangazwa yote. Hakuna anayesema dhahabu imetoka mahali fulani njooni, itasemwa nusu, kwa kunong'ona, wahi, njoo na vifaa, usimwambie mtu. Sisi tumeishi kwa habari za nusu, mimi mwenyewe nimewahi kuacha ugali mezani kwa habari ya nusu. Halafu mtu mwenye jina la dhahabu, ameegemea mwamba wenye mistari myeupe, na huo weupe ndani ya jiwe ndio kitu cha kwanza mchimbaji anachokitafuta, anakwambia Didia imefunguka. Wewe ungebeba ungo?

Jumamosi alfajiri nikavaa suti ya kijivu, nikatoka mjini na gari langu, na ile hofu yangu ya asije mtu. Barabarani nikaanza kupitwa na bodaboda. Moja, ikapita nyingine, zikaja kama nyuki, kila moja imebeba watu kama mishikaki, nikasema moyoni, Mhoja, wewe ni mtu mwingine, tangazo limefanya kazi. Nikashusha kioo niwapungie. Lakini nikawa natafuta magunia ya mpunga siyaoni. Naona sululu. Naona nyundo, kamba, maturubai, naona mama mmoja kakumbatia sufuria kubwa nyuma ya pikipiki, na mifuko ya sandarusi wanayo, ila mitupu.

Nikamsimamisha kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anajaza upepo kando ya njia.

"Wote hawa wanakwenda wapi?"

"Didia, bosi. Mhoja Karasha kaangusha mzigo. Jiwe linang'aa mpaka kwenye simu."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Ila kasema usimwambie jirani, kwa hiyo nakwambia wewe tu."

Simu nayo ikaanza. Watu wa Geita wanauliza kama maduara yamebaki, watu wako stendi ya Buseresere wanauliza washukie wapi, mmoja akaniambia nimhifadhie nafasi karibu na mwamba atanikumbuka mbele ya safari. Kila nikikata inaingia nyingine. Ikaingia ya mke wangu, ambaye alikuwa ametangulia tangu jana yake kuandaa chakula cha ufunguzi.

"Baba Kulwa, uko wapi?"

"Nakuja, nakuja, kuna nini?"

"Watu wako wako kwenye viazi vya mama. Wameweka vigingi mpaka nyuma ya mawe, kwa baba. Sikiliza. Mama ameenda kukaa juu ya kaburi, hatoki. Likiguswa hilo kaburi mimi narudi kwetu, na kwetu ndiyo hapa nilipo, kwa hiyo usinifuate."

Nilikanyaga mafuta. Nimewahi kufukiwa na kifusi ndani ya duara nikatolewa nimekauka midomo, lakini hofu ile ilikuwa ndogo, kule chini ulikuwa unakwenda mwili wangu tu.

Nilipofika sikuona shamba. Matuta ya viazi yamekanyagwa, mengine yameshafumuliwa, vigingi vimefungwa vitambaa, mashati, hata soksi, kila mtu anaonyesha mpaka wake. Michembe imepukutishwa chini, watu wanaiokota wanaivunja kwa meno wanaitema (mmoja nilimsikia akisema jiwe la huku ni laini sana). Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye nilikuwa namtegemea awafukuze, nikamkuta naye amejichorea kipande chake, akanisalimia huku anatazama pembeni. Na nyuma ya majabali, juu ya kaburi la mumewe, mama mkwe amekaa, kajifunika kitenge kichwani, mgongo ameugeuzia kwetu kwa sababu mimi nimefika, na shimo la karibu kabisa lilikuwa mahali ambapo mchimbaji akirusha udongo unaangukia kwenye chokaa.

Mwenye shimo hilo alikuwa Sitta. Mimi na Sitta tulianza pamoja, tumelala kwenye nailoni moja, nilidhani nimeokoka.

"Sitta, acha. Hakuna kitu hapa."

Akaegemea sululu, akatabasamu kwa wenzake. "Mmemsikia? Hakuna kitu."

"Nakwambia ukweli, ndugu yangu. Lilikuwa tangazo la mpunga."

"La mpunga." Wakacheka wote. "Karasha, wewe mwaka ule kule Mwakitolyo, wenye shamba walipokwambia hakuna kitu, uliacha?"

Sikuacha. Hakuna aliyewahi kuacha. Mwenye eneo siku zote husema hakuna kitu, na akisema kwa kutetemeka ndiyo mnachimba kwa nguvu zaidi, na mimi nilikuwa natetemeka.

Nikarudi kwenye gari, nikafunga vioo, nikaishika simu kwa mikono miwili. Nikaiambia akili mnemba: andika haraka, waambie hakuna dhahabu, waondoke, tumia nguvu ile ile ya jana. Ikaandika vizuri kabisa, mbele ya mtu mwingine ningejivunia: "Taarifa muhimu. Didia hakuna dhahabu. Tafadhali acheni kuchimba na ondokeni sasa hivi. Kila dakika mnayokaa ni hasara kwenu." Nikaituma kote. Nikatulia kidogo. Halafu nikasikia simu zinalia mifukoni mwa watu shambani, wanasoma, wanaangaliana, kisha sululu zikaanza kushuka haraka kuliko mwanzo.

"Anataka tuondoke sasa hivi," nikasikia mtu anasema. "Ujue kuna mzungu anakuja kununua."

Na kule stendi ya Buseresere, nilivyoambiwa baadaye, waliokuwa wanasitasita walipanda gari baada ya kusoma hiyo ya pili.

Mama Kulwa akaja akasimama kati yangu na majabali, kanga ameifunga kiunoni kwa nguvu. Kutoka juu ya kaburi ikatoka sauti, kavu, haina haraka.

"Mwambie mumeo, yeye si mtu wa dhahabu? Aoshe udongo wa hapa, watu waone."

"Mama anasema uoshe udongo," mke wangu akaniambia, kana kwamba sikusikia mimi na watu wote wa Didia.

"Mwambie mama nimesikia, nitaosha."

"Amesikia, ataosha."

Likaletwa karai na maji. Nikapiga magoti na ile suti, Sitta akanijazia udongo kutoka shimoni kwake, nikaosha kama nilivyofundishwa utotoni, nazungusha, namwaga, nazungusha, watu wamenizunguka hata hewa haiingii. Mwisho ukabaki mchanga mweusi kidogo chini ya karai, na hakuna kilichong'aa. Nikalinyanyua niwaonyeshe.

"Ameibana," akasema mmoja.

"Kwenye mkono wa koti," akasema mwingine. "Hawa wazee wa karasha ndiyo mchezo wao."

Na hilo nalo ni kweli, wapo wanaofanya hivyo, nimewafukuza kazi wengi kwa mchezo huo. Nikavua koti nikalitikisa. Wakasema shati. Nikavua shati, tumbo langu la mafanikio likatoka nje, mtu akapiga mluzi. Nikaonyesha kwapa. Nikaonyesha chini ya ulimi. Nikadhani yameisha.

Sitta akakohoa. "Na suruali, ndugu yangu. Tusidanganyane, mimi na wewe tunajua inakokaaga."

Nikageuka kumtazama mke wangu. Akatazama chini. Pale juu ya kaburi mgongo wa mama mkwe ulikuwa umenyooka, hausogei, na nyuma yangu kijana mmoja alikuwa amepandisha tena sululu, anasubiri jibu langu, na ncha ilikuwa inaelekea kwenye chokaa. Na mama mkwe ni mtu ambaye kwa adabu hatakiwi hata kuona meno yangu nikicheka. Nikafungua mkanda.

Sasa kuna siri ya nyumbani ambayo nilikuwa siijali kwa sababu nani angeiona. Mama Kulwa ni mtu asiyetupa kitambaa. Yale mapazia ya mama yake yaliposhonwa kikabaki kipande kizuri, akanishonea bukta. Maua makubwa, mekundu. Suruali ikaanguka kwenye viatu. Halafu yule mama wa sufuria kubwa, ambaye alikuwa ameshawasha moto wake pembeni anasubiri wateja, akanyoosha mwiko kuelekea nyumba ya mama mkwe, ambako madirisha yalikuwa wazi na mapazia yanapepea.

"Jamani," akasema, hakupaza hata sauti, "huyu baba kavaa pazia la dirishani."

Wote wakageuka, wakaangalia dirisha, wakanirudia mimi, wakaangalia dirisha tena. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Watu walikaa chini. Mwenyekiti wa kitongoji alishikilia kigingi chake asianguke. Na Sitta, akijifuta machozi kwa mkono wenye tope, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyoniokoa: "Tuondokeni bwana. Mtu aliyepata dhahabu havai pazia."

Hawakuamini tangazo la pili, hawakuamini kuapa kwangu, hawakuamini karai waliloliona kwa macho yao. Waliamini bukta. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kung'oa vigingi, kila anayepita mbele yangu ananitazama chini kisha juu, anaendelea. Yule kijana alishusha sululu yake taratibu, akafuta kwa kiganja udongo uliokuwa umerukia kaburi, akasema, "Samahani, bibi." Kaburi halikuguswa. Nilitaka kukaa chini, nikakumbuka nilivyo.

"Mwambie mumeo avae," ikasema sauti.

"Mama anasema uvae."

"Nimesikia."

"Na mwambie," mama mkwe akaendelea, bado ametupa mgongo, "wageni hawa kawaita yeye kwa mdomo wake. Hawakulala, hawajala. Wasiondoke kwangu na njaa."

Hivyo ndivyo mashine yangu ilivyofunguliwa. Nilikoboa mpunga wangu mwenyewe, ule niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya kuuza, nikabeba magunia begani na suruali ya suti imejaa tope, yule mama wa sufuria akawa ndiye mpishi mkuu, na foleni niliyoitamani ikapatikana kweli, ikaenda mpaka barabarani, watu wa sululu wameshika sahani na vifuniko, wengine wamekinga viganja. Waliofika mchana kutoka Geita walikuta wali, wakala, wakaulizia habari ya pazia, wakarudi. Wakulima wa Didia hawakuja hata mmoja, walikuwa wanalinda mashamba yao.

Kwa mama mkwe nilipeleka mbuzi na kitenge kama inavyotakiwa, nikasimama upande wangu wa minyaa, vikapokelewa kimya. Viazi havirudishwi kwa mbuzi, hilo nilijua. Kwa hiyo nilifunga duka, nikahamia Didia na jembe, nikawa nafukia mashimo mimi mwenyewe, sikuweka kibarua, nainua matuta upya, napanda marando ya viazi, na upande wa pili wa uzio nasikia, "Mwambie tuta lile limepinda," na mke wangu anasema, "Tuta lile limepinda," na mimi nalinyoosha. Mikono ikatoka malengelenge kama nilipoanza kazi. Siku ya shimo la mwisho, lile la Sitta, nililisawazisha na kulipaka chokaa kaburi upya, nikasikia sauti upande wa pili, safari hii haikumtuma mtu.

"Marehemu alisema ni fuko," ikasema. "Fuko hajui kufukia."

Sijui mkwe anajibiwaje moja kwa moja. Nilipiga magoti pale kwenye udongo nikainamisha kichwa, nikasikia nyayo zake zinaondoka.

Sasa mashine inafanya kazi, polepole. Tangazo langu ni ubao nilioupigilia misumari kwenye mwembe wa barabarani, nimeandika kwa rangi, herufi hazijanyooka: "Mpunga unakobolewa hapa. Njoo na mpunga." Akili mnemba bado iko kwenye simu, siku hizi naiuliza bei za mikanda ya mashine na dawa ya mafua, basi, na ikinishauri kitu namwita Mama Kulwa asikie naye. Sitathubutu tena kumwinua mtu kwenye kiti chake bila kumwambia anakwenda kufanya nini. Wateja ni wastaarabu, wanakuja na baiskeli, wanapumzika kivulini. Lakini akitokea mmoja anakuja mbio mbio kutoka barabarani, hata kama ni mvua tu anaikimbia, mkono wangu unakwenda wenyewe kushika mkanda wa suruali.